Mvua ikitabiriwa tu, najua vipimo gani vitaisha maabara. Tuongee mto, choo, mkaa na homa zetu

#1 Mzee wa Darubini

Wakuu, za jioni. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa mafuriko. Siongelei barabara wala karakana ya mwendokasi kuogelea pale Jangwani. Naongelea damu, mkojo na choo, maana ndivyo vinavyonilisha.

Mimi ni mtu wa maabara. Huu ni mwaka wa kumi na nne niko nyuma ya darubini kwenye zahanati moja ya bondeni hapa Dar, jina tuliache. Nikisema bondeni ni bondeni kweli, hatua kama mia mbili kutoka kwenye kijito kinachoingia Mto Msimbazi. Kalenda yangu haina Januari wala Februari. Ina wiki ya mvua ya kwanza, wiki ya matope, na wiki ya madimbwi kutulia. Mvua ya kwanza wanakuja wa kuhara. Wiki mbili tatu mbele wanakuja wa homa. Nikisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa wanasema "mvua za juu ya wastani", kitu cha kwanza ninachofanya ni kwenda stoo kuhesabu maboksi ya vipimo. Miaka yote hiyo sijaona mtu wa mto na mtu wa zahanati wakikaa meza moja kabla ya mvua. Baada ya mvua wanakaa, tena na kamera.

Nianze na masika ya 2019. Wanaingia watu wazima, wanaume wenye miili yao, wamejikunja kama watoto. Homa kali, kichwa, macho yanauma kwa nyuma, viungo kama vimepigwa nyundo. Napima malaria: hasi. Nafungua boksi jipya, napima tena: hasi. Naweka slaidi chini ya darubini, natafuta mpaka shingo inakakamaa, hamna kitu. Mgonjwa ananitazama kama nimemla hela. Na mnajua wenyewe hapa mjini homa isiyo na jina inaitwaje: UTI na taifodi. Watu wakachomwa sindano za siku tano kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Kumbe dengue. Mpaka mwaka ule unaisha waliothibitishwa nchini walishapita 6,000, wengi wao hapa hapa Dar. Na haikuwa ngeni, 2010 ilipita, 2014 ikapita tena.

Mmoja wa wagonjwa wangu alikuwa fundi gereji. Jumapili nikapita kwake kumjulia hali. Nyuma ya banda lake kuna matairi chakavu kama arobaini, yamepangwa vizuri kabisa, na kila tairi lina maji ndani kiasi cha kikombe, yamekolea kidogo kama chai ya rangi. Nikawasha tochi ya simu. Viluwiluwi vinapanda na kushuka, vinajikunja na kujikunjua, tairi baada ya tairi. Nikamwonyesha. Akacheka akiwa bado amejifunika shuka: "Mtaalamu, mbu anakaa kwenye mtaro mchafu. Haya ni maji ya mvua, masafi." Na hapo ndipo tulipopotea wote, maana yule mbu wa dengue, mwenye madoa meupe miguuni, anataka maji hayo hayo ya kopo, ya tairi, ya chungu cha maua barazani. Anauma mchana, wakati chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Mayai yake yakikauka yanasubiri miezi, mvua ikirudi yanaanguliwa.

Joto nalo lina mkono wake. Mbu akinyonya damu yenye virusi vya dengue haambukizi hapo hapo, lazima virusi viive kwanza mwilini mwake. Kwenye nyuzi joto 25 inachukua kama wiki mbili. Kwenye 30, karibu wiki moja tu. Mbu mwenyewe maisha yake ni mafupi, kwa hiyo ukimpunguzia wiki nzima ya kusubiri umempa nafasi ya kuuma watu wengi zaidi kabla hajafa. Ndiyo maana wakiniambia jiji linazidi kuwa na joto, miti inakatwa, mabati na zege vinaongezeka, mimi siwazi jasho.

Sasa upande wa pili wa mvua, ule tusiopenda kuusema mbele ya wageni: kutapisha vyoo. Aliyelala bondeni anajua. Mvua kubwa ya usiku ikikolea unasikia chepeo. Halafu inakuja harufu ya mafuta ya taa, maana yanamwagwa kwanza shimoni kuua ile harufu nyingine. Shimo linatobolewa ubavuni, mvua inamalizia kazi. Asubuhi kila mtu anafagia uwanja wake na hakuna aliyesikia kitu.

Nilimuuliza jirani yangu, mama mtu mzima mwenye wapangaji tisa, kwa upole, maana ni kama mama yangu. Akaniambia: "Mwanangu, gari la kunyonya haliingii uchochoro huu. Na likiweza kuvuta mpira kutoka barabarani linataka kodi ya vyumba viwili. Mvua ya Mungu haidai."

Maji yale yanaingia kwenye visima vifupi, yanapita uwanja wa watoto, yanateremka mpaka Daraja la Selander kwenye mikoko. Halafu wiki hiyo hiyo mimi napokea vikopo vya choo kama maji ya mchele, dalili ya kipindupindu.

Hoja yangu basi, kabla hamjanirukia: zahanati yangu iko mwisho wa mto. Kila kitu kinachoharibika huko juu, msitu, mchanga, taka, choo, kinanifikia mimi kikiwa na jina la mgonjwa na umri wake. Bajeti ya kulinda huko juu iko ofisi nyingine, na hiyo ofisi haijui jina langu. Nataka tujadili hilo. Karibuni.

#2 Mchukia Porojo

Mkuu umeandika vizuri ila umeingia mtego wa siku hizi, kila kitu tabianchi. Nikuulize mawili. Malaria kwa watoto nchini imeshuka kutoka asilimia 18 mwaka 2008 mpaka asilimia 8 mwaka 2022. Dunia inapata joto, malaria inashuka. Inakuwaje? La pili, kile kipindupindu kikubwa kilianza hapa Dar Agosti 2015. Agosti ni kiangazi, mvua ya kutapisha vyoo ilitoka wapi?

Isije ikawa tunawapa watu kisingizio. Mtu anatupa taka mtoni, akifurika anasema ni tabianchi.

#3 Mzee wa Darubini

Mkuu Mchukia Porojo, ahsante, haya ndiyo maswali niliyoyataka.

La kwanza umenishika na nakubali. Malaria imeshuka kwa vyandarua, vipimo vya haraka na dawa mseto. Joto si hakimu wa mwisho, na anayesema hivyo hajawahi kushika boksi la vipimo. Lakini angalia ni nini kilichoshuka: ugonjwa wa mbu wa usiku, ambaye tunamjua, tuna dawa yake, na wafadhili wake wapo. Dengue haina hata kimoja kati ya hivyo. Chandarua hakimhusu mbu wake, na tiba ni maji, panadol na kungoja. Silaha yenyewe iko nje ya zahanati, kwenye tairi na kwenye kopo. Pale kulinda mazingira ndiyo chanjo tuliyo nayo mkononi.

La pili pia ni kweli, kilianza kiangazi. Ila kipindupindu kina milango miwili. Mvua ikizidi, choo kinafuata maji. Mvua ikikosekana, maji ya bomba yanakatika, watu wanarudi kwenye visima vya chumvi na madumu ya mkokoteni yasiyojulikana yametekwa wapi. Kile cha 2015 kilipita mlango wa pili, halafu vuli na masika vikakisambaza. Mpaka mwanzoni mwa 2018 wagonjwa walizidi 33,000 na vifo zaidi ya 540. Hali ya hewa ikiyumba huku na huku, milango yote miwili inafunguka kwa zamu.

Kuhusu kisingizio tuko pamoja. Mtu akitapisha choo ametapisha, wingu halikumshika mkono.

#4 Mama Lishe Mabibo

Kaka yangu wa darubini umesahau mapafu. Kila siku mbu, mbu. Mimi nimepika barabarani miaka kumi na moja. Saa kumi alfajiri nawasha majiko matatu ya mkaa ndani ya kibanda, maana nje kuna upepo na askari. Saa mbili asubuhi macho mekundu kama nimelia msibani. Kikohozi changu kina jina pale nyumbani, wanangu wakikisikia kona wanajua mama karudi.

Na msije na mahubiri ya gesi. Nimeijaribu. Mtungi mdogo kwa wali na chai sawa, kwa maharage na makande unakaa siku nne, unarudi kujaza kwa elfu ishirini na kitu kwa mpigo. Mkaa nanunua kwa kopo, elfu moja na mia tano, nikiuza nanunua kopo jingine. Mimi mtaji wangu ni wa siku. Anayetaka niache mkaa aniuzie gesi kwa kopo.

#5 Mzee wa Darubini

Dada yangu hapo umenifunga goli. Ni kweli sikuandika, kwa sababu mapafu hayaji kwangu, yanaenda kwa daktari wa kusikiliza kifua. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wengi kuliko magonjwa mengi ninayoyatafuta mimi kwenye slaidi. Serikali imeweka lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, mkakati ulizinduliwa Mei 2024. Lengo zuri. Ila hiyo hoja yako ya kuuziwa kwa kopo ndiyo iliyobeba jambo lote, na sijui kama ilikuwepo mezani siku ya uzinduzi.

Loweka maharage usiku lakini. Hilo halihitaji mkakati.

#6 Mama Lishe Mabibo

Nalowekaga tangu hujaajiriwa. 😂

#7 Mwana Kisarawe

Nimesoma kimyakimya ila mkaa ukitajwa lazima niseme. Nimechoma mkaa miaka sita huku Kisarawe, nimeacha, sasa nafuga kuku. Msimbazi mnaoulilia huko chini unaanzia huku kwetu, vilima vya Pugu. Nikiwa mdogo mvua ikinyesha leo, mto ulijaa kesho, tena maji ya kahawia hafifu. Yalikaa msituni kwanza, yanadondoka kidogo kidogo. Siku hizi mvua ikinyesha saa nane mchana, jioni mto umekuja mzima mzima, mwekundu, na tope unaloweza kufyatulia tofali.

Sijitetei, tulikata. Gunia la mkaa wenu wa Mabibo na Manzese lilitoka mgongoni kwetu. Lakini mkaa unakata mti unaacha kisiki, na kisiki cha miti mingi huku kinachipua. Viwanja vimeng'oa mpaka visiki. Mtu kanunua eka mbili, kaleta greda, kasawazisha kilima, kaweka mawe ya mipaka, kaondoka. Mwaka wa tano sasa hajajenga hata choo. Ardhi iko uchi inasubiri mvua. Huyo hakuna anayemuita mharibifu wa mazingira, anaitwa mwekezaji.

#8 Mchukia Porojo

Mwana Kisarawe hapo kwenye greda nimekuelewa sana. Mimi mwenyewe nina kiwanja huko. Naomba nisiseme zaidi.

#9 Ng'ombe Saba

Wafugaji tupo pia. Nyie mnaongea mvua kama ya mjini peke yenu. Sisi tuliona 2006 kuingia 2007, ile mvua iliyofuata ukame. Kwanza tulishangilia, nyasi magotini. Halafu kondoo wakaanza kutupa mimba, zizi zima, ndani ya wiki. Ndama wanakufa. Baadaye watu: homa, wengine wanatoka damu. Homa ya Bonde la Ufa. Kenya, Somalia, Tanzania, nchi tatu kwa mkupuo. Tanzania peke yake walikufa watu zaidi ya 100, na huko mjini mkaogopa nyama, bei ya ng'ombe ikaanguka tukauza kwa bei ya mbuzi.

Mbu wa ugonjwa ule anataga kwenye mabonde yanayojaa maji, mayai yanalala ardhini kavu miaka na miaka, na virusi vimo humo humo. Bonde likifurika yanaamka. Kinachoniuma: wataalamu wa setilaiti walikuwa wanaangalia joto la bahari na ukijani wa ardhi, na walitoa tahadhari wiki mbili mpaka sita kabla ya wagonjwa wa kwanza kuonekana. Chanjo ya mifugo ipo, lakini inatakiwa ichomwe kabla, maana ukishaanza kuchanja katikati ya mlipuko sindano moja inaweza kuhamisha ugonjwa kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Zizini kwetu habari ilifika baada ya mimba kutupwa.

Mzee wa Darubini anasema mtu wa mto na mtu wa zahanati hawakai meza moja. Kwetu ongeza kiti cha bwana mifugo.

#10 Mzee wa Darubini

Ng'ombe Saba, huu mchango ungekuwa uzi peke yake. Serikali inalo neno lake, Afya Moja, na dawati lake liko Ofisi ya Waziri Mkuu. Watu wa mifugo, afya, wanyamapori na mazingira wawe chungu kimoja. Kwenye mlipuko wa Marburg, ile homa ya virusi inayoua, kule Kagera, 2023 na tena Januari 2025, walau juu kule wanaonekana kuzungumza. Mimi nangojea iteremke mpaka ngazi ya mtaa. Afisa afya wa kata yangu na bwana mifugo wake wanasalimiana kwa kichwa tu.

#11 Mpwani wa Gazi

Hamjambo nyote. Mimi niko Gazi, Kwale, upande wa Kenya, nimetumiwa uzi huu na shemeji aliyeko Tanga. Mmetaja mikoko mara moja mkaiacha.

Huku kwetu mikoko ilikatwa sana, boriti za nyumba na kuni. Tangu 2013 kuna mradi wa kijiji, Mikoko Pamoja. Tunalinda hekta 117, tunapanda pale palipokatwa, na ile hewa ya ukaa inayobaki kwenye matope inauzwa ng'ambo. Mwanzo wazee walicheka, hewa yauzwaje? Pesa zenyewe si za kujenga ghorofa. Lakini wanakijiji huketi wakaamua zifanye nini, na mapema tu ziliingia kwenye maji ya bomba, Gazi na Makongeni, na vitabu vya shule.

Ndugu zangu, hapo ndipo mti ulipokutana na tumbo la mtoto. Mama yangu alikuwa akiteka maji kisima cha chumvi, na kisima chenyewe kiko karibu na choo kuliko na nyumba. Bomba lilipofika hakuna aliyehitaji semina ya mazingira. Ukimuona mtu na shoka kwenye mikoko, kina mama ndio wa kwanza kupiga kelele.

Sisemi yameisha. Mashua zingine zaja usiku kukata. Lakini hilo la pesa ya mti kurudi kwenye mfereji wa maji nimeliona kwa macho.

#12 Mwana wa Mwambao wa Ziwa

Kigoma tunaunga mkono. Vijiji vya nje ya Gombe, hifadhi ya sokwe, miaka ya tisini vilima vilikuwa vipara. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alivitazama kutoka kwenye ndege ndogo akaona msitu wa sokwe umebaki kama kiraka. Mwaka 1994 wakaanza TACARE, mradi wa kutunza msitu pamoja na wanavijiji. Wanakijiji walipoulizwa wanataka nini hawakutaja sokwe, walitaja afya, maji, shule. Wenye mradi wakasikiliza, miti ikaja ikiwa imeongozana na maji na huduma za uzazi.

Na huku tunajua pia mambo yanakwenda pande zote mbili: mafua yetu sisi yanaua sokwe. Mtalii akikohoa Gombe anazuiwa asipande.

#13 Tandale kwa Mfuga Mbwa

Wazee, miti sawa. Ila mimi nasimama na zege. Mto Ng'ombe kabla haujajengewa kingo tulikuwa tunalala na viatu shingoni. Baada ya zege, mvua kubwa zimepita nimelala. Mikoko haijengwi Tandale.

#14 Mzee wa Darubini

Tandale, sina ugomvi na zege, usingizi ni afya pia. Wasiwasi wangu ni mmoja. Zege linaharakisha maji, halisafishi. Choo kilichotapishwa Tandale zamani kilikaa Tandale, sasa kinanifikia mimi kwa wakati, kimewahi kuliko daladala. 😅

#15 Mchukia Porojo

Haya, nimekubali nusu. Sasa mleta uzi acha kuzunguka. Ungekuwa na kalamu na muhuri, kesho ungefanya nini? Si "elimu itolewe kwa jamii", hiyo tumeichoka.

#16 Mzee wa Darubini

Sina muhuri ila kalamu ninayo.

Ningeanza na choo, na ningeanza Februari. Utabiri wa masika unatoka kabla ya masika, si siri, unasomwa redioni. Kuna pampu ndogo za mkono na zile za kwenye bajaji ya mizigo zinazoingia vichochoro. Vijana wanazo, tatizo bei ya safari moja moja. Fedha ambayo kila mwaka inanunua klorini, dripu na mahema ya kambi ya kipindupindu, sehemu yake ilipe nusu ya gharama ya kunyonya vyoo vya bondeni kabla ya mvua. Mwenye nyumba alipe nusu. Yule mama wa wapangaji tisa si mchafu. Anapiga hesabu, na mvua inashinda kwa bei. Ukiipita mvua kwa bei umemaliza.

Pili matairi. Hapo hata hela haitakiwi, ni gereji kutoboa au kufunika. Yasiyohamishika, mitaro na mabwawa, Kibaha kuna kiwanda kilichojengwa na ushirikiano wa Cuba kinachotengeneza viuadudu vya kuua viluwiluwi, ni bakteria, havidhuru samaki. Dawa iko kilomita arobaini kutoka kwangu.

Huko juu kwa Mwana Kisarawe: kiwanja kilichosawazishwa na kuachwa uchi kitozwe. Mchukia Porojo nisamehe.

Kuhama mabondeni sitalisema kwa wepesi. Desemba 2011 walikufa watu wapatao 40 hapa jijini, wengine wakapelekwa Mabwepande, na baadhi walirudi kwa sababu vibarua vyao vilikuwa huku. Mradi wa Bonde la Msimbazi sasa umelipa na kuhamisha tena, daraja jipya la Jangwani ndani yake. Wanaobaki ni wengi, na mimi ndiye ninayewapima.

#17 Mchukia Porojo

Kiwanja nitapanda miembe. Endelea.

#18 Mzee wa Darubini

MREJESHO

Wakuu, wiki tatu zimepita, kuna waliouliza PM.

Nilichapa ukurasa mmoja, nikaacha tabianchi nje kabisa. Nikaweka hesabu ya wagonjwa wa kuhara wa zahanati yetu kwa wiki, misimu mitatu ya masika, na pembeni siku zilizonyesha mvua kubwa. Hakuna majina, tarakimu tu. Nikampelekea mwenyekiti wa mtaa. Akaisoma akiwa amesimama, halafu akakaa.

Kikao cha mtaa walikuja watu thelathini na kitu. Makelele nusu saa ya nani alitapisha mwaka jana. Yule mama wa wapangaji tisa akasimama akasema, "Mimi. Na wewe. Na wewe." Watu wakacheka, kikao kikaanza.

Nusu ya gharama haijatoka popote, tusidanganyane. Kata wamesema "tumelipokea". Tulichofanya ni kukusanya nyumba kumi na mbili za uchochoro mmoja, vijana wa pampu wakapunguza bei kwa sababu hawahami hami. Jumamosi walianza. Mpira ulikuwa mfupi mita kama nne, tukabomoa kipande cha ukuta wa mabati wa bafu la jirani, tukakirudisha jioni. Nyumba saba zimeisha. Tano wanasubiri mwisho wa mwezi, mishahara.

Mvua ya kwanza imenyesha jana usiku. Nililala dirisha wazi nikisikiliza. Chepeo nimelisikia moja, mbali, upande wa pili wa kijito.

Fundi gereji katoboa matairi yote kwa bisibisi ya moto. Ananiambia sasa hayauziki.

#19 Mama Lishe Mabibo

Hongera kaka. Mwambie fundi ayakate apandie mchicha, nitanunua.

#20 Upande wa Pili

Mkuu Mzee wa Darubini, mimi nakaa huo upande wa pili wa kijito. Lile chepeo si langu ila namjua mwenyewe. Hao vijana wa pampu wakimaliza nyumba tano zilizobaki, wanavuka huku? Mpira wa mita ngapi tuandae? Nicheki PM.